Viza ya hifadhi imekataliwa Australia: mwongozo kamili wa kuomba mapitio, kuanzia siku ya barua

Barua ya kukataliwa siku hizi huja kwa baruapepe au huwekwa kwenye ImmiAccount, akaunti yako ya mtandaoni ya uhamiaji. Ndani yake mna hati mbili. Ya kwanza ni fupi: inasema ombi lako limekataliwa na inaeleza kama una haki ya kuomba mapitio. Ya pili ni ndefu, kurasa kumi, ishirini au zaidi, na ndiyo inayoeleza kwa nini. Wengi husoma ile fupi, moyo ukavunjika, wakazima simu. Wiki mbili zinapita hivyo, na wiki mbili ni nusu ya muda wote walio nao.

Mwongozo huu ni kwa msemaji wa Kiswahili aliyeomba viza ya hifadhi, ile namba 866, akiwa ndani ya Australia, na Wizara ya Mambo ya Ndani ikamkatalia. Nimekaa mezani na watu wa Uvira, Bujumbura, Mombasa na Kigoma tukizisoma karatasi hizi pamoja. Nililoliona tena na tena ni kwamba afisa hakukataa kwa sababu hatari haikuwepo. Alikataa kwa sababu hakuamini simulizi, na mara nyingi kutoamini kwake kulianzia kwenye maneno yaliyopotea njiani kati ya Kiswahili na Kiingereza. Hilo linarekebishika, ila tu kama umewahi mlango kabla haujafungwa.

Usiufanye mwongozo huu uwe wakili wako. Utumie ujue cha kumuuliza wakili.

Hatua ya kwanza: hesabu siku leo hii

Una siku 28 tangu siku uliyohesabiwa kuwa umepata taarifa. Aliye kizuizini cha uhamiaji ana siku 7 tu.

Neno zito hapo ni "uliyohesabiwa". Sheria haiulizi ulifungua barua lini. Baruapepe inahesabiwa kuwa imekufikia siku ileile iliyotumwa, hata kama iliingia kwenye taka, hata kama nenosiri ulilisahau, hata kama anayeshika simu ni mwanao. Iliyotumwa kwa posta ndani ya Australia inahesabiwa imekufikia siku 7 za kazi baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Kwa hiyo kama baruapepe ilitumwa Jumatatu tarehe 2 Machi 2026, siku yako ya mwisho ni Jumatatu tarehe 30 Machi. Andika tarehe hiyo ukutani, kisha jiwekee yako ya kwako: maliza ndani ya wiki ya kwanza.

Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu chombo kinachopitia uamuzi hakina mamlaka ya kukuongezea hata siku moja kwenye kesi za hifadhi. Ugonjwa, msiba, wakala aliyekudanganya, mkalimani aliyekosea tarehe, vyote hivyo havikupi siku ya 29. Katika mambo yote ya mwongozo huu, hili ndilo pekee lisilo na dawa.

Na usijipe moyo kwamba utaandika ombi jipya. Ukishakataliwa viza ya hifadhi ukiwa Australia, kifungu cha 48A cha Sheria ya Uhamiaji ya 1958 kinakuzuia kuomba tena ukiwa bado nchini, isipokuwa Waziri mwenyewe akuondolee kizuizi hicho.

Hatua ya pili: peleka ombi kwenye Baraza

Chombo hicho kinaitwa Administrative Review Tribunal, kwa kifupi ART. Kilianza kazi tarehe 14 Oktoba 2024 kikichukua nafasi ya AAT, kwa hiyo rafiki yako akikwambia "nenda AAT" anakusudia hiki. Hapa nitakiita Baraza. Si sehemu ya Wizara. Mjumbe wa Baraza analisikiliza jambo lako upya tangu mwanzo: anaweza kupokea ushahidi mpya, na halazimiki kufuata alichoamini afisa. Watu husema "nimekata rufaa", na si kosa katika mazungumzo, lakini elewa kwamba Baraza haliangalii tu kama afisa alikosea. Linauliza: leo, mtu huyu anastahili hifadhi au hastahili?

Ombi linapelekwa kupitia tovuti ya ART. Ambatanisha barua ya kukataliwa. Andika jina lako na tarehe ya kuzaliwa kama vilivyo kwenye barua hiyo, hata kama Wizara ilikosea herufi. Marekebisho yaeleze pembeni. Taja kila mwanafamilia aliyekuwa kwenye ombi la awali na anayetaka mapitio, watoto wakiwemo, kwani asiyetajwa anaweza kubaki nje ya kesi. Ukimaliza, hakikisha umepata uthibitisho wenye namba ya kesi, ukauhifadhi mahali pasipopotea.

Hulipi chochote unapopeleka ombi la mapitio ya viza ya hifadhi. Ukishindwa ndipo ada inadaiwa, na usipoilipa inakuwa deni kwa serikali. Usiache kuomba kwa kuogopa deni hilo.

Kama Kiingereza kinakushinda, piga huduma ya ukalimani ya TIS kwa 131 450, useme "Swahili", uwaombe wakuunganishe na Baraza kwa 1800 228 333. Na usisubiri upate wakili ndipo upeleke ombi. Fomu yenyewe haidai ueleze kesi nzima. Peleka fomu kwanza, hoja zitafuata.

Tahadhari moja: barua yako isome vizuri kuona inakuelekeza wapi. Maombi yaliyokataliwa kwa sababu ya tabia au makosa ya jinai yana njia na muda tofauti.

Hatua ya tatu: tafuta msaada wa kweli

Msaada wa kisheria wa bure upo, ingawa foleni ni ndefu. Melbourne kuna Refugee Legal na Asylum Seeker Resource Centre. Sydney kuna RACS. Brisbane kuna RAILS. Perth kuna Circle Green. Kila jimbo lina Legal Aid yake. Piga wote wa mji wako siku ileile, na neno la kwanza litakalotoka kinywani liwe tarehe yako ya mwisho, maana wao hupanga foleni kwa kuangalia hiyo.

Ukiamua kulipa, wakala wa uhamiaji lazima awe amesajiliwa na OMARA, ofisi ya serikali inayosajili mawakala hao, na awe na namba ya usajili unayoweza kuihakiki mtandaoni bure. Wakili mwenye leseni ya uwakili naye anaruhusiwa. Mtu wa tatu, yule anayejulikana kanisani au msikitini kwamba "anajua fomu", haruhusiwi kutoa ushauri wa uhamiaji kwa malipo, na nia yake njema haitakuokoa. Nimeona simulizi moja imenakiliwa kwa watu watatu wa familia tofauti, hata jina la kijiji halikubadilishwa. Mmoja wao alikuwa amekimbia kweli, na ukweli wake ukazama ndani ya uongo wa kununuliwa.

Hatua ya nne: soma sababu ukiwa na kalamu mkononi

Sasa rudi kwenye ile hati ndefu. Tafuta mtu wa kuisoma nawe aya kwa aya, kwa Kiswahili, pole pole. Kila mahali afisa aliposema hakuridhika, weka namba. Mwishoni utakuwa na orodha, labda namba saba, labda ishirini. Kesi yako mbele ya Baraza ni majibu ya orodha hiyo.

Sababu nyingi zinaangukia mafungu machache. La kwanza ni kwamba hakukuamini, na hili linahitaji sehemu yake peke yake hapa chini. La pili: anakuamini, lakini madhara hayatokani na mojawapo ya sababu tano za sheria, yaani rangi au asili, dini, uraia, kundi maalumu la kijamii, au msimamo wa kisiasa. Hapo usikate tamaa. Sheria ina mlango wa pili, ulinzi wa nyongeza, kwa mtu ambaye akirudishwa kuna hatari ya kweli ya kuuawa au kuteswa, hata kama sababu si mojawapo ya hizo tano. La tatu: serikali ya kwenu inaweza kukulinda. La nne: ungeweza kuhamia mji mwingine. "Toka Goma uende Kinshasa," wanasema, kama vile Kinshasa inazungumza lugha yako na ina ndugu zako. Jibu kwa mambo mahususi: nani angekutambua huko, kwa lafudhi au kwa jina gani, ungeishi wapi, waliokutafuta wana mkono hadi wapi. La tano: una haki ya kuingia na kuishi nchi nyingine. Mwenye pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ajiandae kwa swali hilo.

Kisha kuna fungu ambalo wakati wenyewe hulijibu. Baraza linaangalia hali ya nchi siku linapoamua. Kama uamuzi wako ulitoka 2024 na ukasema Goma iko mikononi mwa serikali, Goma ilianguka kwa waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu ikafuata Februari. Mganda ambaye ombi lake lilianza kabla ya sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ya Mei 2023 nchi yake imebadilika kabisa kisheria. Mtanzania mwenye hoja ya kisiasa hawezi kuacha kutaja yaliyotokea baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, wala Mkenya maandamano ya Juni 2024 na utekaji uliofuata. Lakini habari za nchi peke yake hazitoshi. Lazima uonyeshe uzi unaotoka kwenye habari hiyo hadi kwako wewe.

Hatua ya tano: sikiliza sauti yako mwenyewe

Mahojiano yako na afisa yalirekodiwa. Iombe Wizara nakala ya kanda na ya faili lako chini ya sheria ya uhuru wa habari. Ombi hilo halina ada. Inaweza kuchukua muda, kwa hiyo omba mapema, lakini kamwe usiisubiri ndipo upeleke ombi la mapitio.

Kanda ikifika, kaa na mtu anayejua lugha zote mbili vizuri, mlinganishe ulichosema na kilichotafsiriwa. Hapa ndipo ninapotaka utumie siku zako nyingi. Haya ndiyo ya kuvizia.

Saa. Wewe umesema "walikuja saa mbili usiku". Mkalimani aliyechoka anasema walikuja saa mbili kwa Kiingereza, yaani saa nane ya kwetu. Kwenye fomu mtu mwingine alitafsiri sawasawa. Sasa afisa ana nyakati mbili zilizopishana saa sita, na anaandika kwamba unabadilisha maneno.

Ukoo. Baba mdogo anakuwa "baba" kwenye fomu na "mjomba" kwenye mahojiano, kwa sababu Kiingereza kina neno moja tu kwa baba mdogo, baba mkubwa na mjomba. Mama mkubwa anageuka mama mzazi. "Kaka yangu" ambaye ni mtoto wa shangazi anaonekana ndugu uliyemficha kwenye orodha ya familia. Chora mti wa ukoo, jina na uhusiano wa damu wa kila mtu, uupeleke Baraza kabla ya siku ya kusikilizwa.

Kitenzi "kufunga". "Walinifunga siku tatu" ni kufungwa kamba au kufungwa jela? "Walimpiga" ni kwa fimbo au kwa risasi? "Walinishika" ni kukamatwa na polisi au kushikwa mkono? Kwetu mazingira yanaeleza. Kwenye Kiingereza mkalimani alilazimika kuchagua, na huenda alichagua vibaya.

Yeye. Kiswahili hakisemi kama "yeye" ni mwanamume au mwanamke. Mtu anayeomba hifadhi kwa sababu ya kupenda wa jinsia yake anasema "mpenzi wangu alikuja nyumbani", na mkalimani, kwa mazoea au kwa aibu, anamfanya mpenzi huyo kuwa wa jinsia nyingine. Kesi nzima inaweza kuanguka juu ya kiambishi kimoja.

Halafu kuna Kiswahili kipi. Mtu wa Fizi au Lubumbashi, mwenye miezi na namba za Kifaransa ndani ya Kiswahili chake, akipewa mkalimani wa Zanzibar, wote wawili watajitahidi na wote wawili watakosa mengi. Akisema "juin", masikio yasiyozoea Kifaransa yanaweza kusikia Julai. Kama lugha ya moyo wako ni Kirundi, Kinyamulenge, Kibembe au Kiluganda, na Kiswahili ni cha sokoni tu, sema hivyo, uombe mkalimani wa lugha hiyo.

Kila kosa ulilolipata, liandike: dakika ya ngapi kwenye kanda, ulisema nini, kilitafsiriwaje, kilipaswa kutafsiriwaje. Karatasi moja ya namna hiyo ina nguvu kuliko kurasa kumi za kulalamika kwamba mkalimani alikuwa mbaya.

Na pale ulipokosea mwenyewe, kubali. Kama ulisema uongo kwenye viza ya uanafunzi ili utoke nchini, eleza kwa nini. Wajumbe wa Baraza wameshasikia kwamba mtu anayekimbia hatoi sababu halisi ubalozini.

Hatua ya sita: maelezo mapya na ushahidi

Andika maelezo ya kiapo yanayojibu orodha yako namba kwa namba. Kama kuna jambo hukulisema kabla, kwa mfano ubakaji, mateso, au mapenzi uliyoyaficha hata kwa ndugu, liseme sasa na ueleze kwa nini hukulisema. Maelezo ya kwa nini ni ya lazima, si pambo: sheria inaliagiza Baraza kuona dai jipya kwa jicho la shaka ikiwa hakuna sababu ya maana ya kuchelewa kulitoa. Aibu ni sababu ya maana. Kumwogopa mkalimani wa kabila lako ni sababu ya maana. Lakini hazijitaji zenyewe.

Kumbukumbu iliyovurugwa na mateso inahitaji mtaalamu aieleze. Foundation House kule Victoria, STARTTS kule New South Wales, QPASTT kule Queensland, STTARS kule Adelaide na ASeTTS kule Perth zinahudumia walionusurika mateso. Nenda kwanza kwa ajili ya afya yako. Ripoti, ikipatikana, itakuja baadaye.

Barua kutoka nyumbani ziwe na uzito wa mtu aliyeona. Barua ya mchungaji inayosema "namfahamu ni mtu mwema" haisaidii. Inayosema "tarehe fulani walikuja wanne kanisani wakamuuliza" inasaidia. Ujumbe wa WhatsApp upige picha pamoja na namba na tarehe, na simu yenyewe usiibadilishe. Hati za Kiswahili au Kifaransa zitafsiriwe na mtafsiri mwenye cheti cha NAATI, chombo cha Australia kinachoidhinisha watafsiri na wakalimani. Hati ya kughushi, hata moja, hata ya jambo la kweli, itachafua zote.

Hatua ya saba: kusubiri, kisha siku yenyewe

Kusubiri ni miezi mingi, na mara nyingi miaka. Viza yako ya mpito (bridging visa), ile inayokuruhusu kukaa nchini ukisubiri uamuzi, kwa kawaida inaendelea mapitio yakiendelea; asiyeomba mapitio, viza ya mpito huisha siku 35 baada ya uamuzi wa kumkatalia. Angalia masharti yake kuhusu kazi. Usitoke Australia kabla ya kuongea na wakili. Ukihama nyumba au kubadili simu, wajulishe Baraza na Wizara, wote wawili, siku hiyo. Baraza likikutumia barua inayotaja habari zinazokupinga, ijibu ndani ya muda ulioandikwa, na kama unahitaji siku zaidi ziombe kabla muda haujaisha.

Siku ya kusikilizwa utakuwa na mjumbe mmoja, mkalimani wa bure, na wakili wako kama unaye. Hakuna umma wala waandishi wa habari, na hakuna taarifa inayopelekwa ubalozi wa kwenu. Unaweza kuomba mapema mjumbe au mkalimani wa jinsia unayoiweza kuzungumza naye. Usipofika bila taarifa, kesi inaweza kutupwa.

Anza kwa kupima mkalimani: ongea naye sentensi mbili tatu. Kama hamwelewani, sema hapohapo, kwa sauti, ili iingie kwenye rekodi. Adabu yetu ya kutomkosoa mtu mzima mbele za watu weka kando siku hiyo. Tumia saa za Kizungu na useme unazitumia. Kata sentensi ziwe fupi. Usichokikumbuka, sema hukumbuki; tarehe ya kubuni ni mbaya kuliko tarehe iliyosahauliwa, na kusema "ilikuwa masika, mahindi yalikuwa hayajavunwa" kunakubalika kabisa. Mjumbe akikuangalia machoni na wewe umefundwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, mwambie hiyo ni heshima.

Ukishindwa

Una siku 35 tangu tarehe ya uamuzi wa Baraza kwenda Federal Circuit and Family Court. Mahakama haiulizi tena kama wewe ni mkimbizi. Inaangalia kama Baraza lilivunja sheria katika kuamua: halikukusikiliza kwa haki, lilipuuza dai lako zima, lilielewa sheria vibaya. Muda huu mahakama inaweza kuuongeza kwa sababu nzuri, lakini usiutegemee. Viza ya mpito kwa kipindi cha mahakama huombwa upya, haiji yenyewe. Baada ya Baraza kuamua, Waziri pia anaweza kuombwa aingilie kati. Si lazima ajibu ndiyo, wala halazimiki hata kulifikiria ombi.

Ukishinda

Baraza halikupi viza mkononi. Linarudisha faili kwa Wizara na agizo kwamba unastahili hifadhi, na Wizara inamaliza vipimo vya afya na uchunguzi wa tabia kabla ya kuitoa 866. Kama umezaa au umeoa wakati wa kusubiri, waambie sasa, kabla viza haijatoka.

Viza hiyo ni ya kudumu, lakini ina sharti namba 8559: huruhusiwi kuingia nchi uliyoikimbia bila kibali cha maandishi. Mama akiugua Kigoma na wewe ulikimbia Tanzania, usikate tiketi ya Dar es Salaam. Omba kibali kwanza, au kama anaweza kusafiri, kutana naye Nairobi ukitumia hati ya kusafiria ya mkimbizi inayotolewa na Australia, badala ya pasipoti yako ya zamani.